Umejaza nyimbo kwenye flashi ila hazikai kwenye mpangilio: mwongozo kamili wa jinsi redio, sabufa, iPod na simu zinavyosoma mafaili yako

Kama unaendesha hiace ya Moshi–Arusha, au unapeleka wageni Serengeti na ukishaingia porini mtandao hamna tena, au una saluni pale Ngarenaro na sabufa ndo inaita wateja, basi flashi yako ya nyimbo ni kitendea kazi na inabidi uiheshimu. Malalamiko ninayosikia ni yale yale kila siku: nimekopi albamu nzima inaanzia wimbo wa saba, msanii mmoja ametokea mara nne kwenye orodha, wimbo nimeshaufuta ila jina bado lipo, iPod nimeijaza nyimbo inasema haina hata moja. Watu wanakimbilia kusema kifaa kibovu, wengine wananunua redio nyingine kabisa, hela inaenda na tatizo linabaki pale pale.

Kifaa mara nyingi ni kizima. Kuna njia mbili tu za msingi: kuna vifaa vinavyosoma orodha ya mafaili jinsi ilivyoandikwa kwenye flashi, na kuna vifaa vinavyosoma tagi, yaani maandishi ya jina la wimbo, msanii na albamu yaliyomo ndani ya kila wimbo, alafu vinajitengenezea databesi yao, yaani orodha yao wenyewe ya nyimbo. Vingine vina zote mbili. Ukishajua chako kiko upande gani unajua pa kutengeneza, na usipojua utakaa unabadilisha majina ya mafaili usiku kucha kwa ajili ya kifaa ambacho hata hakiangalii majina ya mafaili.

Hatua ya kwanza: kipime kifaa chako

Chukua flashi tupu na nyimbo tatu, zipe majina 01, 02 na 03. Sasa usizikopi kwa pamoja. Kopi 03 kwanza, ikimaliza kopi 01, alafu 02. Chomeka kwenye kifaa ubonyeze kuplei. Ikianza 03, kifaa chako kinafuata mfuatano wa kukopi, majina hakina habari nayo. Ikianza 01, kinapanga kwa majina.

Alafu rudi kwenye kompyuta, ule wimbo wa 02 badilishia tagi ya jina la wimbo iwe AAA (programu za kufanyia hivyo nimezitaja kule chini kwenye sehemu ya tagi), ila jina la faili libaki 02. Kioo kikiandika AAA basi tagi kinazisoma. Hapa kuwa makini, maana redio nyingi za gari zinaonyesha tagi kwenye kioo lakini mpangilio wa kuplei bado zinafuata orodha ya flashi, kwahiyo kinachoandikwa na kinachopangwa ni vitu viwili tofauti, usije ukaona jina zuri kwenye kioo ukadhani kazi imeisha.

Sabufa na redio za gari: mfuatano wa kwenye flashi

Flashi nyingi zimefomatiwa kwa mfumo unaoitwa FAT32. Ndani yake kila folda ina orodha ya mafaili, na hiyo orodha ni kama daftari la mahudhurio mlangoni, anayefika kwanza ndo anaandikwa kwanza, hakuna anayekaa kupanga majina kwa alfabeti. Kompyuta ikikuonyesha nyimbo zimejipanga A mpaka Z ni kompyuta yenyewe imezipanga kwa ajili yako kwenye kioo, kwenye flashi hazijasogea. Sabufa ya bei rahisi ina kichipu kidogo sana, haipangi chochote, inashuka na orodha toka juu mpaka chini.

Na ukifuta wimbo, lile jina halitoki kwenye orodha, linawekewa alama tu kwamba nafasi iko wazi. Wimbo mpya ukija unaweza kuandikwa kwenye ile nafasi. Ndo maana unaongeza wimbo mmoja leo ukitegemea utakaa mwisho unakuta umeingia katikati ya kwaya. Hakuna uchawi hapo.

Kwahiyo dawa ni hii. Panga kila kitu kwenye kompyuta kwanza, hamisha chochote cha muhimu kilichopo kwenye flashi, ifomati upya iwe tupu kabisa, alafu kopi folda moja moja kwa mfuatano unaoutaka. Ukidaka mafaili mengi kwa mkupuo ukayaburuza kwenye Windows, inaweza kuanza na ile faili uliyoishikilia kwa mausi, kwahiyo anza kuburuza ukiwa umeshika ya kwanza. Kama flashi imeshajaa na hutaki kurudia kukopi upya, kuna programu za bure zinazopanga ile orodha yenyewe bila kugusa nyimbo, kwenye Windows kuna DriveSort na kwenye Linux kuna FATsort. Weka kopi ya nyimbo zako pembeni kabla hujazitumia, hizi programu zinaandika sehemu nyeti ya flashi, umeme ukikatika katikati unaweza kupoteza vyote.

Kuhusu majina, kwa vile vifaa vinavyopanga kwa majina: andika 01, 02, 03 na siyo 1, 2, 3. Ukiandika bila sifuri, kifaa kinalinganisha herufi moja moja toka kushoto, kwahiyo 10 inakaa kabla ya 2. Ukiwa na folda yenye nyimbo zaidi ya 99 tumia tarakimu tatu. Nyimbo zilizokuja kwa WhatsApp zenye majina ya AUD na tarehe na WA, zibadilishe zote, hutakaa uzitambue kwenye kioo kidogo cha redio.

Folda zako pia zipe namba. Dereva asiwe anatafuta wimbo mmoja mmoja akiwa anapita Usa River au Boma Ng'ombe na pikipiki zinakatiza, kitufe cha folda kikibonyezwa mara moja kiwe kimemtoa kwenye injili kimempeleka kwenye zilipendwa, basi. Mimi naweka 01_INJILI, 02_ZILIPENDWA, 03_BONGO, 04_REGGAE, kila moja isiwe na folda nyingine ndani, maana redio nyingine zikikuta folda ndani ya folda zinazihesabu kwa namna yao na unapotea.

Fomati na ukubwa wa kadi

Kadi ya memori ya zaidi ya GB 32 kwa kawaida inatoka kiwandani ikiwa na fomati ya exFAT, na redio na sabufa nyingi haziijui hiyo, zinasema hakuna kitu au zinakaa kimya. NTFS, ile fomati ya diski za Windows, ndo kabisa. Ifomati iwe FAT32. Windows kwa dirisha lake la kawaida la kufomati imekuwa haikubali FAT32 juu ya GB 32, tumia programu ya Rufus, chagua kwamba haiwaki kama diski ya kuwashia kompyuta, chagua FAT32, imeisha. Kwa nyimbo FAT32 haina shida yoyote, kikomo chake ni faili moja isizidi GB 4 na hakuna wimbo unaofika huko.

Kadi ndogo za zamani za GB 2 kushuka mara nyingi ni FAT16, na hizi zina mtego: ukimwaga nyimbo nje kabisa bila folda, nafasi za majina ni 512 tu. Na jina refu linakula nafasi zaidi ya moja, kila herufi 13 ni nafasi moja, ukijumlisha na jina fupi ambalo mfumo unalitunza. Jina la herufi 40 linakula nafasi 5, kwahiyo 512 inakuwa nyimbo kama 100 hivi alafu inakwambia imejaa wakati nusu ya kadi iko tupu. Weka kwenye folda, kikomo hicho hakipo ndani ya folda.

Alafu kuna flashi feki. Zimeandikwa GB 64 ndani ni GB 8, zimechezewa zidanganye ukubwa, nyimbo zinaingia zote majina yanaonekana yote ila ukifika nyingi haziplei au zinakwaruza. Ukishanunua flashi iwe ni pale Kilombero au Mbuyuni Moshi, ipime na programu inaitwa H2testw kabla hujaijaza, inaandika data mpaka mwisho alafu inaisoma kuhakiki. Inachukua muda ila utajua ukweli siku hiyo hiyo, risiti ikiwa bado mkononi.

Tagi, na hapa ndo kuna kazi yenyewe

Faili ya MP3 inabeba maandishi ndani yake: jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka, namba ya wimbo, aina ya muziki, na picha ya kava. Haya hayana uhusiano na jina la faili. Unaweza kubadilisha jina la faili mara ishirini tagi zikabaki vile vile.

Tagi ya kwanza kabisa, ID3v1, ilitoka 1996. Ni baiti 128 zinazobandikwa mwishoni mwa faili: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na baiti moja ya aina ya muziki. Ndo maana kwenye redio za zamani jina refu la kwaya linakatwa katikati, siyo kioo ni kidogo, tagi yenyewe iliishia pale. Na ile baiti moja ni namba tu ya kwenye orodha iliyopangwa, 7 ni hip hop, 16 ni reggae, 38 ni gospel. Bongo Flava haimo, singeli haimo, taarabu haimo. Muziki wetu ukiwekwa kwenye hiyo tagi unaangukia "nyingine" au unapachikwa jina lisilo lake.

1998 ikaja ID3v2 ambayo inakaa mwanzoni mwa faili na inaruhusu maandishi marefu, aina ya muziki unaandika mwenyewe unavyotaka, na picha inaingia. Kwahiyo Bongo Flava andika Bongo Flava. Ila ina matoleo, na mawili utakayokutana nayo ni 2.3 na 2.4. Vifaa vingi vya zamani 2.4 havisomi vizuri, vinaonyesha alama za ajabu au havionyeshi kitu, wakati 2.3 inasomwa karibu kila mahali. Andika 2.3.

Faili moja inaweza kubeba v1 na v2 kwa pamoja na zikawa zinasema vitu tofauti. Simu inasoma v2 inaonyesha sawa, redio ya gari inasoma v1 inaonyesha uchafu wa zamani, we unabaki unashangaa mbona nilisharekebisha. Ukirekebisha rekebisha zote mbili, au futa v1 ibaki v2 peke yake kama vifaa vyako vyote vinaisoma.

Uchafu mkubwa zaidi kwetu unatokana na mahali tunapopakulia. Mitandao mingi ya kupakua nyimbo inaweka jina lake kwenye albamu, kwenye msanii, mpaka kwenye jina la wimbo, na picha ya tangazo lake kwenye kava. Ukiweka nyimbo mia tatu za hivyo kwenye kifaa kinachopanga kwa tagi, unapata albamu moja kubwa yenye jina la tovuti na ndani yake wasanii wote wa Tanzania wamechanganyikana na kwaya. Hili linaniuma kwa kweli, maana jina la msanii ndo haki yake ya kwanza kwenye wimbo wake, alafu linafunikwa na tangazo la mtu mwingine.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye Windows weka Mp3tag, ni ya bure. Ukiwa na Linux au Mac tumia Kid3. Kabla ya kitu chochote, kwenye Mp3tag nenda kwenye mipangilio ya tagi, sehemu ya Mpeg, chagua iandike ID3v2.3 kwa UTF-16 (hiyo ni namna ya kuhifadhi herufi). Alafu fungua folda moja, siyo zote kwa pamoja, na fanya kwa mfuatano huu.

Anza na msanii. Databesi haina akili ya kujua kwamba Kwaya ya Vijana, kwaya ya vijana na Kwaya Ya Vijana  - Moshi ni watu wale wale, nafasi moja ikizidi au kistari kimoja kinaweza kutosha kuwafanya wawe wasanii watatu. Chagua namna moja ya kuandika na uifuate mpaka mwisho. Chagua nyimbo zote za kwaya hiyo kwa pamoja, andika jina mara moja, hifadhi.

Kisha nenda kwa wale wa kushirikishwa, hapa ndo orodha ya wasanii inapovurugika kuliko kote. Msanii mmoja akiwa na nyimbo kumi na kila moja ameshirikisha mtu, ukiacha "ft fulani" kwenye sehemu ya msanii unapata wasanii kumi tofauti. Aliyeshirikishwa mpeleke kwenye jina la wimbo, na sehemu ya msanii ibaki mwenye wimbo peke yake. Kuna sehemu nyingine inaitwa msanii wa albamu, ijaze kila mara. Kwa albamu yenye wasanii mchanganyiko, kama mkusanyiko wa kwaya za jimbo zima, kila wimbo unabaki na kwaya yake kwenye msanii ila msanii wa albamu unaandika Mchanganyiko kwa nyimbo zote, albamu haitapasuka vipande.

Albamu na namba ya wimbo vinafuata. Bila namba, kifaa cha tagi kinapanga nyimbo za albamu kwa alfabeti na ule utangulizi wa mchungaji unakuja wa nane. Nyimbo za mtaani ambazo hazina albamu yoyote usiache wazi, zitaenda kwenye kundi la wasiojulikana. Mimi naziandikia albamu kwa mwaka, Bongo 2023, Bongo 2024, inasaidia sana kutafuta.

Kava punguza. Picha ya pikseli 500 kwa 500 ya JPEG inatosha kabisa. Kava ya MB 1 kwenye nyimbo 1,000 ni karibu GB 1 ya picha tupu, wakati wimbo wa dakika 4 wa kbps 128 wote ni kama MB 4. Na kifaa kidogo kinakwama kikifungua picha kubwa, wimbo unachelewa kuanza.

Mwisho tumia tagi zako safi kutengeneza majina ya mafaili, Mp3tag ina sehemu ya kubadilisha tagi kuwa jina, andika $num(%track%,2) - %artist% - %title% na folda nzima inabadilika kwa mpigo, namba zikiwa na sifuri mbele. Hapo umeridhisha vifaa vya aina zote mbili kwa kazi moja.

Kuna programu ya MusicBrainz Picard inayosikiliza sauti ya wimbo na kuutambua yenyewe, kwa nyimbo za nje inafanya vizuri, ila kwa kwaya za huku na nyimbo za machalii wa Chuga waliorekodi studio ya mtaani usiitegemee, andika kwa mkono.

Vifaa vyenye databesi: iPod, simu na wenzao

iPod, kile kifaa cha mkononi cha Apple cha kuplei muziki, ya kwanza ilitoka Oktoba 2001 ikiwa na diski ya GB 5 na memori ya MB 32. Fikiria ingekuwa inafungua nyimbo elfu moja kusoma tagi kila unapotaka kuona orodha ya wasanii, diski ingezunguka mpaka betri inaisha. Kwahiyo tagi zinasomwa mara moja tu wakati wa kuingiza, zinaandikwa kwenye faili moja ya databesi, na kuanzia hapo menyu zote zinasoma ile faili. Nyimbo zenyewe zinatupwa kwenye folda zilizofichwa, F00, F01, F02 na kuendelea ndani ya iPod_Control, na majina ya herufi nne yasiyo na maana yoyote. Ukiburuza nyimbo kwenye iPod kama flashi hazionekani, kwa sababu hazijaandikwa kwenye ile faili ya databesi, inaitwa iTunesDB. Lazima upite kwenye iTunes, programu ya Apple ya kompyuta, au programu inayojua kuandika hiyo databesi kama gtkpod kwenye Linux. Ukinunua iPod ya mtumba hakikisha una kompyuta ya kufanyia hivyo. Na ukitaka kuokoa nyimbo zilizomo, fungua folda zilizofichwa, kopi F zote, alafu tagi ndo zitakurudishia majina.

Simu za Android nazo zina databesi yao, MediaStore, inayojazwa na kiskani kinachopita kwenye memori. Wimbo umeukopi hauonekani kwenye programu ya muziki? Zima na uwashe simu ili iskani upya. Bado? Angalia kama ndani ya folda kuna faili inaitwa .nomedia, hiyo inaiambia skani ipite bila kuangalia humo, ifute. Ukibadilisha tagi kwa kompyuta na simu inaonyesha za zamani ni databesi haijasoma upya, mara nyingi kuitoa faili kwenye ile folda na kuirudisha kunatosha.

Kwa walio na vifaa vya kuplei muziki vinavyokubali Rockbox, programu ya bure inayowekwa badala ya ile ya kiwandani, databesi yake unaianzisha mwenyewe kwenye menyu, na kila ukiongeza nyimbo unaiambia isasishe. Uzuri wake ni kwamba ukichoka na tagi unatembea kwa folda.

Plelisti

Faili ya .m3u ni maandishi matupu, kila mstari ni njia ya kwenda kwenye wimbo mmoja. Ikiwa na njia kamili ya kompyuta yako, yenye D: mwanzoni, kwenye kifaa itakuwa haina kazi. Andika njia fupi kuanzia pale plelisti ilipo, kwa mfano 02_ZILIPENDWA/05 - wimbo.mp3, na ukihamisha folda hamisha na plelisti. Sabufa nyingi hazisomi m3u kabisa, kwa hizo plelisti yako ni folda.

Kuongeza nyimbo bila kuharibu ulichopanga

Ukimaliza kukopi toa flashi kwa utaratibu, subiri kompyuta ikuruhusu, maana sehemu ya mwisho kuandikwa inaweza kuwa ndo orodha yenyewe. Ukitumia Mac, futa yale mafaili yanayoanzia na nukta na kistari cha chini, redio inayahesabu kama nyimbo na inakwama kwenye kila moja.

Nyimbo mpya usizichomeke katikati ya folda za zamani kila siku. Fungua folda moja inaitwa 90_MPYA, humo ndo zinaingia zote, na ukipata nafasi mwisho wa mwezi unazitagi, unazigawa kwenye folda zake kule kwenye kompyuta, unafomati flashi na kukopi yote upya. Kama huna kompyuta na unaingiziwa nyimbo kwenye vibanda vya stendi, mwambie chalii kabla hajachomeka: asimwage nje, asifute kitu, aweke kwenye 90_MPYA tu, na akuachie nyimbo zenyewe bila kuongeza folda ya matangazo yake.